Tangi Halipungui

"Wobbe, tangi limejaa."

"Si vizuri?"

"Si vizuri hata kidogo. Watu wawili tunaoga humu, tunapika, tunaosha vyombo, na maji yako palepale wiki nzima?"

"Labda mvua."

"Mvua inaingia kwenye pipa la nje. Hili la chini ya sinki nalijaza mimi, kwa mpira, kutoka bomba la uwanjani. Usinifanye mtoto."

Wobbe alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kupandia darini, maana kiti kimoja nimekalia mimi na kingine kina nguo zinazokauka. Akauangalia mkate wake mweusi na jibini kama mtu anayetafuta kasoro. Mwangalieni huyo. Nywele laini, shingo inang'aa, kucha hazina hata chembe ya rangi. Mtu anayetengeneza mashua za watu kutwa nzima, anarudi kwangu kama sahani iliyotoka kuoshwa, na tangi halipungui.

"Naoga kazini," akasema.

"Kazini kwenu kuna bomba la maji baridi la kuoshea matanga."

"Naogea hilohilo."

"Mwezi wa kumi na moja?"

Akatafuna.

"Na ndoo je?" nikamuuliza.

Hapa inabidi nieleze kidogo, msinicheke. Choo chetu ni cha ndoo na maranda ya mbao. Hakuna kuvuta maji. Ukimaliza unafunika na maranda, na ndoo ikijaa mmoja wetu anaipeleka kwenye lundo la mbolea nyuma ya uwanja. Wiki ile ilikuwa zamu yangu, na nilipoibeba ilikuwa nyepesi. Mwenzenu nilisimama kwenye matope na ndoo mkononi, roho ikaniambia: Hiske, huyu mwanaume ana kwingine anakokwenda.

"Ndoo ina nini?" akauliza.

"Ndoo ni yangu peke yangu siku hizi, Wobbe. Wewe unakwenda wapi?"

"Sasa unanipimia mpaka choo?"

"Ukinidanganya, napima kila kitu."

Akasimama kwa hasira, akagonga kichwa kwenye boriti ya dari, akatoka nje kupasua kuni.

Kijumba chetu kile, kilicho juu ya magurudumu, nilikijenga mimi. Kabla sijamjua Wobbe, kabla ya mwanaume yeyote wa maana, nilinunua tela, nikaliweka kwenye zizi tupu la mjomba wangu, nikaanza kupigilia ubao mmoja mmoja kila Jumamosi. Kila msumari naujua. Sina deni la nyumba la kunifuata mpaka uzeeni. Gogo moja kwenye jiko la kuni na ndani kote kunapata joto. Kufagia namaliza kahawa haijachujika. Nikilala darini nafungua kidirisha na bata wa mferejini nawasikia wanagombana. Nilikileta kwenye uwanja wetu huu wa vijumba, nje ya mji wa Sneek, nikasema hapa ndipo nitakapozeekea.

Wobbe alikuja baadaye. Wanaume wa kwetu Friesland ni warefu, lakini huyu walimzidishia. Alikuja na begi moja na tabasamu, na tukapendana kweli, sikatai. Siku ya ndoa ilikuwa imeshaandikishwa manispaa, kabla ya Krismasi. Mwanaume mwenyewe ndiye huyo anayeoga kusikojulikana.

Kesho yake Baukje akaja kunywa kahawa. Baukje ni jirani, kijumba chake kinatazamana na changu, na kwenye uwanja wetu hakuna anayefunga pazia. Akala biskuti yake taratibu, akaniangalia.

"Shoga, mbona umevimba macho?"

"Sikulala vizuri."

"Wobbe?"

"Nani kakwambia?"

"Alipasua kuni za majira matatu ya baridi jana. Mtu hapasui kuni hivyo kama ana amani." Akaweka kikombe chini. "Nikwambie kitu, hutanichukia?"

"Sema."

"Baiskeli yake nimeiona Alhamisi. Kwenye ua wa Dieuwke."

Dieuwke ndiye aliyekuwa mke wa Wobbe kabla yangu. Anaishi kwenye ile nyumba ya matofali kando ya mfereji, ghorofa mbili, vyumba havina idadi, yeye peke yake.

"Baiskeli ziko nyingi," nikasema.

"Yenye kiti kilichopandishwa mpaka pale? Hiyo iko moja Sneek nzima. Mwingine akiipanda ataanguka."

"Umeiona mara moja tu?"

Baukje akachukua biskuti nyingine, na kwetu hilo ni jambo zito, biskuti ya pili haichukuliwi bila kukaribishwa. Nikajua jibu ni baya.

"Kila Alhamisi, shoga. Tangu kiangazi."

"Na hukuniambia."

"Ningekwambia ungelia."

"Sasa si nalia?"

"Ndiyo maana sikukwambia."

Akanishika mkono, halafu akaongeza la kunimaliza kabisa. "Kutwa unawapimia watu macho kwenye duka la miwani, Hiske, na wa kwako humuoni."

Niliumia. Lakini wivu una nguvu kuliko aibu. Alhamisi nikaomba ruhusa dukani, nikapanda baiskeli, nikaenda mpaka kwenye ule mfereji. Mvua nyepesi ilikuwa inanyesha. Na kweli, baiskeli ile pale, imeegemezwa kwenye ua wa miti kama iko kwao. Nikajibanza nyuma ya gari la mtu, nikatoa simu.

"Uko wapi mpenzi?" nikaandika.

Jibu likaja upesi. "Bolsward. Kuna mashua imepasuka. Nachelewa kidogo, usinisubiri kula."

"Pole na kazi."

"Asante mpenzi. Baridi kali huku."

Nikainua macho. Dirisha dogo la juu la Dieuwke lilikuwa jeupe kwa mvuke. Nikaenda nikabonyeza kengele, na kidole sikukitoa.

Dieuwke akafungua, soksi za sufu miguuni, miwani juu ya kichwa. Hakushtuka.

"Hiske. Nilikuwa nashangaa unachelewa nini kuja."

"Wobbe yuko wapi?"

"Juu. Anaoga."

"Anaoga."

"Vua viatu, tafadhali. Nimetoka kupiga deki."

Na mimi, mjinga, nikavua. Nikapanda ngazi zake pana na soksi zilizolowa. Ngazi ile watu wawili wanapishana bila kugusana. Hata hilo liliniuma. Mlango wa bafu ulikuwa haujafungwa kwa ufunguo, nikausukuma.

Wobbe alikuwa amelala ndani ya beseni la kuogea, refu, la zamani, la miguu ya chuma. Amenyooka kutoka kisogo mpaka vidole. Taulo dogo usoni. Anaimba kwa pua.

"Dieuwke, liache tu taulo hapo mlangoni," akasema.

"Dieuwke yuko chini. Labda anakukunjia soksi."

Akaondoa taulo usoni na kuinuka, maji yakamwagika sakafuni.

"Hiske."

"Bolsward kuna baridi kali, eh?"

"Si kama unavyofikiri."

"Sijafikiri bado. Nipe nafasi."

"Hakuna kitu kati yangu na Dieuwke."

"Uko uchi nyumbani kwake, Wobbe."

"Niko uchi kwenye beseni. Peke yangu. Yeye yuko chini na redio yake. Naoga, naenda kile chumba cha wageni nalala kidogo, miguu imenyooka, halafu narudi nyumbani."

"Unalala."

"Nalala usingizi. Darini kwako nalala kama kisu cha kukunja, unajua mwenyewe. Mchana najikunja kwenye mashua za watu, usiku najikunja kwako. Mgongo wangu umesahau kunyooka."

"Na siku nyingine? Maana tangi limejaa wiki nzima, si Alhamisi tu."

"Napita asubuhi, kabla ya kazi. Dakika chache."

"Na choo?"

Akageuka mwekundu mpaka kifuani. "Na choo. Cha kuvuta maji."

Sijui kama mmewahi kuwa na hasira huku kicheko kinawakaba. Mimi nilikuwa nayo. Nilimtazama yule mwanaume mzima, mapovu kwenye ndevu, anatubu habari za choo, na kidogo tu ningekaa ukingoni mwa beseni nicheke mpaka tuyamalize. Kweli, ilibaki kidogo hivi.

Ndipo Dieuwke akapaza sauti kutoka chini.

"Kahawa tayari. Na usimgombeze sana, Hiske. Tangu kiangazi anasema hawezi tena kuishi mle, sijui kwa nini hakwambii."

Bomba likawa linadondosha matone.

"Huwezi tena nini?" nikamuuliza.

"Hiske, ngoja nivae."

"Ulimwambia yeye."

"Ngoja nivae kwanza."

"Tangu kiangazi. Tunakaa chumba kimoja mimi na wewe, pua kwa pua, nasikia hata ukimeza mate. Tumeandikisha ndoa. Ulichonacho moyoni ukakipakia kwenye baiskeli ukakipeleka kwake."

"Kwake ilikuwa rahisi kusema."

"Ndiyo maana inaniuma."

Ningewakuta kitandani, ningejua la kufanya. Ningevunja vyombo, ningemtukana yule mwanamke, watu wote wangekuwa upande wangu. Lakini ameshiriki naye maneno, na maneno yale yalikuwa yangu. Nilishuka, nikavaa viatu, nikaipita ile kahawa mezani bila kuigusa.

Wobbe alinikuta nyumbani. Kwetu ugomvi una kanuni moja, mwenye hasira zaidi anatoka nje kwenye kuni, anayebaki anapata chumba. Jioni ile tulitaka kutoka wote wawili, tukakwama mlangoni, bega kwa bega. Mlango ule niliupima kwa mwili wangu. Mwishowe tukakaa hapohapo kizingitini, mvua inatupiga magoti.

"Kwa nini hukuniambia?" nikaanza.

"Nilikwambia. Nilisema dari ni fupi, ukasema nitazoea. Nikasema tunyanyue paa, ukaniletea sheria za barabarani."

"Nyumba ya kukokotwa ikizidi mita nne haipiti barabarani. Sikuitunga mimi."

"Barabara gani, Hiske? Tangu uilete hapa haijasogea hata hatua moja. Matairi yameota majani."

"Siku ikibidi kuondoka."

"Na mimi nikae nimeinama miaka yote nikisubiri siku hiyo?" Akafuta mvua usoni. "Nikiigusa hii nyumba kwa neno, unanuna kama nimemtukana mama yako. Wageni wakija unaupapasa ule ubao wa mlangoni ukiongea. Mimi hujawahi kunipapasa hivyo."

"Una wivu na nyumba?"

"Ndiyo. Usicheke. Ninao. Wewe umemkuta Dieuwke mara moja umewaka moto. Mimi naishi na mwenzako kila siku, nalala ndani yake, nakupa pole akivuja."

Sikucheka.

"Nikuulize, na unijibu," akasema. "Ingekuwa lazima ubaki na kimoja, mimi au hii. Ungechukua kipi?"

Nikafungua mdomo. Jamani, jibu nilikuwa nalo. Lakini niligeuka, sijui kwa nini, nikaangalia ndani. Taa ya juu ya meza, jiko linanguruma, rafu niliyoipiga randa usiku wa baridi nikiwa sina mtu. Gari moja likapita barabarani na taa zake. Nilipomgeukia, alikuwa ameshasimama.

"Sijajibu," nikasema.

"Umejibu."

Kijumba kina faida hiyo, mtu akitaka kukuacha hasumbuki kufunga mizigo. Begi lilelile alilokuja nalo. Baiskeli yake ikapotea gizani.

Nikakaa. Wivu haukunipa hata saa moja.

"Umefika kwa Dieuwke?" nikamwandikia.

"Niko kwa mama."

"Piga picha."

Picha ikaja. Mama yake, amevaa gauni la kulalia, kikombe mkononi, amenikunjia uso kwenye kioo cha simu. Chini ameandika: "Umeridhika?"

Nikaizima simu. Lakini ndiyo, niliridhika kidogo.

Siku zilizofuata nilikuwa na kijumba changu peke yangu, kama zamani. Hakuna miguu inayoning'inia kwenye ngazi. Hakuna koti refu linaloziba dirisha. Nilitandaza vitu vyangu mezani na hapakuwa na mtu wa kuvisogeza. Nilitakiwa nifurahi. Badala yake kila nikitoka kazini baiskeli inanipeleka kule mferejini kwa Dieuwke, nahakikisha kile kiti kirefu hakipo, napita, nageuza, napita tena. Mama yake Wobbe aliniambia kwenye simu kwamba mwanawe anakula vizuri, na kwamba yeye alijua tangu mwanzo. Alijua nini hakusema.

Manispaa nao wakapiga. Wanataka kujua kama ile tarehe bado ipo.

"Ipo," nikasema.

"Wote wawili mnakubali?"

"Nitawapigia."

Ikafika siku ya wazi. Mara moja kila majira tunafungua milango, watu wanakuja kuangalia tunavyoishi. Mimi ndiye msemaji wa uwanja, nina hotuba yangu, naijua kwa moyo. Kwamba umeme unatoka juani. Kwamba maji machafu yanasafishwa na matete. Kwamba ukiwa na nafasi ndogo hununui takataka. Siku ile niliisema yote huku nimekauka rohoni, watu wanaitikia kwa vichwa, wanapiga picha za jiko langu.

Wakaingia wawili, binti mwenye macho yanayowaka na mchumba wake, kijana mrefu, mabega yameinama tangu mlangoni. Binti akapanda ngazi mbiombio.

"Njoo uone huku, ni pazuri mno. Tutaweka kitanda hivi na vitabu kule."

Kijana akapanda. Akagonga boriti ileile. Sauti ileile. Watu wote chini wakacheka, na mimi nilikuwa wa kwanza.

"Utazoea," binti akamwambia.

Kijana akajisugua kichwa, akatabasamu. "Ndiyo. Nitazoea."

Nikamwona usoni. Wallahi nilimwona, maana uso kama ule, wa Wobbe, nilikuwa nao hapo darini kila asubuhi na sikuuangalia. Alikuwa anadanganya kwa upendo. Na yule binti alikuwa ameshageukia dirisha, anahesabu mapazia.

"Usimwambie hivyo," nikasema.

"Samahani?" Binti akachungulia chini.

"Hatazoea. Mifupa haizoei. Muulize sasa hivi kama anataka kuishi hivi, na akijibu umwangalie yeye, usiangalie dirisha."

Baukje alikuwa mlangoni na sinia la keki.

"Hiske, leo umeamua kufukuza wageni?"

"Waonyeshe wewe choo," nikamwambia, nikamvisha aproni yangu. "Mimi natoka."

"Unakwenda kwa Wobbe?"

"Nakwenda kuoga."

Dieuwke alinifungulia na soksi zilezile.

"Hayupo hapa," akasema. "Hajakanyaga tangu siku ile."

"Najua. Nimekuja kuoga."

"Wewe?"

"Mimi. Kama inawezekana."

Akaniangalia kutoka juu mpaka chini. "Vua viatu."

Alinijazia beseni mwenyewe, akapima maji kwa kiwiko kama mtu anayeogesha mtoto. Kabla hajatoka nikamshika kwa swali, maana ningebaki nalo lingenioza.

"Unamtaka?"

"Unataka ukweli?"

"Ndiyo."

"Ungemwacha, ningefikiria. Jioni za humu ni ndefu, na yeye mtu mwema. Lakini hakuwa anakuja kwangu, Hiske. Kila akikaa mezani ni Hiske hivi, Hiske vile, Hiske amejenga rafu, Hiske amekasirika. Amenichosha na wewe."

"Mbona ulikuwa unamfungulia?"

Akafikiri. "Niliona raha kuwa na kitu ambacho wewe huna."

Watu wa kwetu hawapambi maneno. Ilinichoma, na nilimshukuru moyoni hapohapo. Akatoka, akafunga mlango.

Nikaingia majini. Mwenzenu miaka yote ile kuoga kwangu ni kulowa, kufunga bomba, kupaka sabuni, kufungua bomba, kutoka. Sasa maji yakanifika kidevuni. Hakuna anayehesabu. Nikanyoosha miguu, nami ni mfupi, na bado kulikuwa na nafasi. Nikamfikiria yeye, urefu wote ule, akinyooka hapa mara ya kwanza kwa siku nzima. Nikalia kwa hasira, maana ilikuwa raha kweli.

Simu ilikuwa kwenye kiti. Nikampigia.

"Hiske?"

"Niko kwenye beseni."

"Beseni lipi?"

"Hilohilo."

Nikasikia anacheka kwa pua, anajizuia. "Dieuwke amekuvulisha viatu?"

"Tena. Wobbe, uliniuliza kitu kizingitini, nikachelewa."

"Yaishe, Hiske. Nilikuwa na hasira, mtu haulizwi vile."

"Niache nijibu. Ikiwa ni kimoja tu, ni wewe. Nilichelewa kwa sababu nilikuwa naiaga nyumba, sikuwa nakuaga wewe. Inaniuma kusema, lakini ndiyo hivyo."

Nikasikia saa ya ukutani ya mama yake.

"Unasema hivyo kwa sababu uko kwenye maji ya moto," akasema hatimaye, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Labda. Lakini sikiliza. Sitaki kiwe kimoja tu. Nyumba ile imenienea mimi, wewe haikuenei na haitakuenea. Siwezi kuikata na siwezi kukukata wewe. Tafuta fleti mjini. Dari juu, kitanda kirefu, beseni. Mimi nabaki kwangu. Na tunaoana vilevile."

"Watu watasema tumeachana kabla ya kuoana."

"Waseme. Baukje ataanza."

"Na wivu wako? Mimi niko kule, wewe uko huku, hunioni. Utaweza?"

"Sitaweza. Nitakuwa nakuja bila taarifa. Na ufunguo utanipa."

"Nilikuwa nimeshaanza kuogopa umepona."

"Kuna sharti moja, Wobbe."

"Lipi?"

"Kinachokuuma, mimi nikisikie kwanza. Hata kama ni mimi ndiye ninayekuuma. Usiende kukisema kwingine halafu mimi nikipate kwa kupigiwa kelele kutoka jikoni."

"Sawa," akasema. "Sawa, Hiske. Na Dieuwke?"

"Dieuwke yuko nyuma ya mlango, anatusikiliza."

"Si kweli," akasema Dieuwke nyuma ya mlango.

Tulioana tarehe ileile, manispaa, mvua ya mawe inapiga madirisha. Yule bibi wa kufungisha ndoa akasoma majina yetu, akasoma anwani yangu, akasoma ya Wobbe, akasita. Akatuangalia juu ya miwani yake.

"Hizi ni anwani mbili."

"Ndiyo," nikasema.

"Mmoja atahamia kwa mwenzake lini?"

"Hatuhamii," akasema Wobbe.

Mama yake akamgeukia Baukje. "Ndoa gani hii?"

"Ndoa ya watu wanaojuana," Baukje akamjibu, na huyo ndiye aliyekuwa amezunguka uwanja mzima akisema hatufiki Pasaka.

Basi tukaanza hivyo. Siku nyingine yeye kwangu, anagonga kichwa na sisemi utazoea. Siku nyingine mimi kwake, kwenye kile kitanda kirefu ambacho nikigeuka usiku namtafuta. Siku nyingine kila mtu kwake. Hizo ndizo ngumu. Nakaa darini nawaza nani amepita ngazi za kule kwake, nani amemwazima sukari. Nikiona simu yake haipokelewi, nainuka kuvaa viatu. Siwadanganyi, sijapona hata kidogo.

Jioni moja nilikuwa peke yangu, supu ya njegere iko jikoni, simu ikalia.

"Hiske, uko na nafasi?"

"Niko napika. Kuna nini?"

"Jirani wa juu anatembea na viatu vya mbao, nakuapia. Lifti imekufa. Godoro lile jipya ni bovu, mgongo unaniuma tena, upande mwingine. Ankara ya kupasha nyumba joto imekuja, imenikalisha chini. Mama kanipigia mara tatu leo. Tena wewe, jana, mbele ya Baukje, ulisema mimi ni mvivu wa kuosha vyombo, na ikaniuma, nikanyamaza."

Akavuta pumzi.

"Mbona umenyamaza?" akauliza. "Nimekuchosha?"

Nikaisogeza sufuria pembeni ya moto, nikavuta kiti, nikakaa.

"Hujanichosha," nikamwambia. "Rudia hapo pa Baukje, taratibu. Nilisemaje?"